Magunia Yalipofika Kwenye Lenta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mliokaa mbele karibu na kwaya, asifiwe na nyinyi wa nyuma mlangoni, ambao huwa mnatoka kabla ya matangazo. Leo msitoke. Mchungaji amenipa muda mfupi, na kwa kuwa ananifahamu, ameshika saa mkononi.

Kwa wageni, mimi ni Mama Faraja, nakaa Mjimwema, nauza mahindi Bombambili. Wenyeji mnanijua zaidi kwa jina la Mama Magunia. Msiiname. Jina hilo nalijua siku nyingi, na mlionipa mko humu humu ndani, mmoja amevaa kofia ya kijani. Nimewasamehe, maana jina lenyewe lilinifaa.

Nimesimama kushuhudia kwamba Mungu ameniponya. Sikuugua presha wala miguu. Niliugua hofu ya kukosa, ndugu zangu, na ugonjwa huo ni mbaya kwa sababu mtu akikuona nao anakusifia. Watu walikuwa wakipita kwangu wanasema, huyu mama ana akili, huyu mama amejipanga. Kumbe mimi nimepangika ndani kama magunia yangu, hata pa kupumulia sina.

Ilianza hivi. Tulipooana na Baba Faraja tulikuwa vijana, hatuna kitu, na mwaka wa kwanza tulivuna vizuri. Mwezi wa saba tukauza karibu yote, bei ya kutupa, tukanunua kitanda na redio. Mnajua kilichofuata, nyote ni watu wa Songea. Kikaingia kifuku, mvua ikanyesha asubuhi mpaka jioni, barabara ikawa matope, na mahindi yale yale tuliyoyauza kwa bei ya chini yakarudi sokoni kwa bei ya kuogopesha. Redio tulikuwa nayo, unga hatukuwa nao. Faraja alikuwa tumboni. Nikafunga khanga, nikaenda kwa jirani yangu Mama Zuhura, Mwislamu, mwenyeji wa Tunduru, nikamwomba debe moja la mahindi. Alinipa. Nikarudi nalo kichwani nikilia kwa aibu, ingawa nyumba zetu zimeachana kwa mti mmoja wa mpera. Siku hiyo nikaapa: mimi, mtoto wa Kingoni, sitaomba tena debe kwa mtu mpaka naingia kaburini.

Kiapo kile, ndugu zangu, ndicho kilichonifunga.

Mwaka uliofuata nikaweka magunia stoo, nikauza kifuku kwa bei nzuri. Raha iliyoje! Nikajiambia, kumbe siri ni kungoja. Nikaanza biashara Bombambili. Nikiuza debe, faida yote nanunua gunia, gunia linaingia ndani. Stoo ikajaa. Nikaanza kupanga sebuleni, ukuta wa upande wa dirisha. Nikajiambia moyoni kwamba yakifika dirishani nitatulia, nitalala usingizi wa mtoto. Yakafika dirishani. Nikalala vizuri wiki moja, kisha hofu ikarudi. Nikasema, labda yakifika kwenye lenta. Yakafika kwenye lenta, ile zege ya juu ya dirisha, sebule ikawa giza mchana kweupe. Na mimi bado naogopa! Tena naogopa zaidi, maana sasa nilikuwa na kitu cha kuibiwa.

Mtaniuliza, kwa nini hukuuza? Bei ikipanda nilisema itapanda zaidi. Ikishuka nilisema siwezi kuuza kwa hasara. Ikitulia nilisema tuangalie kwanza. Hakuna siku bei ilinipendeza. Makochi yetu tukayatoa nje, tukayaweka chini ya upenu. Mvua ikayapiga upande, kuku akaona pazuri, akataga. Baba Faraja, ambaye ni fundi baiskeli pale Lizaboni, mtu mpole asiyependa maneno, akirudi jioni alikuwa anamhamisha kuku ili akae. Baadaye akachoka, akawa anakaa kwenye ndoo.

Na chakula chetu sasa! Hapa mnaruhusiwa kucheka, mimi mwenyewe nacheka. Nyumba yangu ilikuwa na mahindi kuliko nyumba yoyote mtaani, na hakuna nyumba iliyokula ugali mbaya kama wetu. Kwa sababu nilikuwa natangulia kupika yale yaliyobunguliwa na wadudu, ili mazuri yabaki. Tukimaliza yaliyobunguliwa, tunakuta yale mazuri nayo yamebunguliwa. Basi tunaanza na hayo. Miaka yote hiyo tulikuwa nyuma ya wadudu, tunakula wanachotubakizia. Kijana wa mashine alikuwa akiniona tu anaguna, siku moja akaniambia, mama, mahindi yako ungepeta tu, wadudu wameshamaliza kusaga. Dawa ya kuhifadhia nilinunua kidogo kidogo, nikaipima kwa kijiko kama chumvi, maana niliona ni matumizi.

Nilikuwa nacho, ndugu zangu. Raha ndiyo sikuwa nayo.

Mchungaji alikuja kunitembelea mara moja. Tukaongea nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa. Akanigusia kwa upole habari ya kujilimbikizia. Mimi mdomo ninao, nikamjibu kwamba hata kwenye Maandiko yuko mtu aliyejaza maghala kule Misri, na Mungu akambariki. Mchungaji akatabasamu, akaniuliza kama nakumbuka maghala yale mwisho wake yalifungwa au yalifunguliwa. Nikasema nakumbuka. Alipoondoka nikafunga mlango.

Sasa nifike kwa Faraja. Alikwenda kusoma ushonaji, na aliporudi akakuta kitanda chake kimesimamishwa ukutani na chumba chake ni cha magunia. Akaniuliza atalala wapi. Nikamwambia avumilie mpaka bei ipande. Alivumilia jikoni kwa muda, kisha akapanga chumba Lizaboni, karibu na baba yake anapofanyia kazi. Hakugombana nami, na hilo ndilo lililoniuma baadaye. Kila Jumapili alikuja kutusalimia, akasimama mlangoni na mkoba begani, shikamoo baba, shikamoo mama, akaondoka. Mtoto wangu wa pekee akawa mtu wa kupita.

Jumatano moja akaja siku isiyo yake. Akasema yuko kijana wa Namtumbo, anafanya kazi hapa mjini, na wazee wake wanakuja Jumamosi kuleta posa. Mimi nikapiga vigelegele hapo hapo nje. Yeye hakucheka. Akaangalia ndani kupitia mlangoni, akaniuliza, "Mama, watakaa wapi?"

Nikageuka, nikayatazama magunia. Akasema taratibu kwamba kama hakuna mahali, mama mkubwa wa Mbinga amekubali wapokelewe kwake. Ndugu zangu, binti yangu aposwe kwa mama mkubwa, na mimi mama yake mzazi ni mzima, nina nyumba ya matofali ya kuchoma? Nikamwambia watakuja hapa hapa. Akapandisha mkoba begani, akaondoka.

Alhamisi nikaamka na nguvu zote za kutoa magunia. Nikashika gunia la kwanza masikio yake. Mikono ikagoma, nawaambia ukweli. Nikawaza mvua ikinyesha je? Wakiniibia je? Nikiuza leo na kesho bei ikipanda je? Nikaliachia, nikakaa chini nikitetemeka kama mtu wa homa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mgonjwa. Nikamwomba Mungu kwa maneno mafupi, nikasema, Bwana, haya si mali yangu tena, mimi ndiye mali yao, nitoe humu.

Kisha, badala ya kungoja Mungu anitoe, nikatafuta njia yangu. Nikaenda kwa Mama Zuhura kuazima sebule.

Mama Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu, mtani wangu yule. Akasema sebule ni yangu, wala nisiombe, lakini hajawahi kusikia binti anaposwa kwa jirani. Nikamsihi. Baba Faraja nilipomweleza aliendelea kuziba pancha, kisha akasema, "Basi na mahari akapokee Baba Zuhura."

Jumamosi wakaja. Mshenga, baba mdogo wa kijana, na shangazi yake, mama mmoja aliyepita makamo, mnene, mchangamfu, amefunga kilemba kipya. Ni mkulima wa mahindi na tumbaku tangu utoto wake. Tukawapokea kwa Mama Zuhura kana kwamba ni kwetu. Mimi nikaketi kwenye kochi la watu nikijifanya mwenye nyumba, wakati Mama Zuhura mwenyewe anapita na sinia kama mgeni aliyekuja kusaidia. Faraja alikuwa chumbani na akina Zuhura, amekubali mpango wangu kwa shingo upande.

Maongezi yakaenda vizuri. Lakini shangazi alikuwa na macho. Akaitazama saa ya ukutani, yenye maandishi ya Kiarabu na picha ya msikiti. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye saa. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba yeye aliambiwa binti anaimba kwaya.

Mama Zuhura akakumbuka kwamba kuna chungu jikoni.

Shangazi hakukasirika. Akaeleza kwamba katika ukoo wao binti hachukuliwi mpaka wanawake wa upande wa mume wamekunywa maji ndani ya nyumba alimokulia. Siyo mengi, kikombe kimoja, lakini yawe ya kwao na wayanywe wamekaa. Akauliza nyumba ya binti ni ipi.

Mimi nikafungua mdomo nitoe uongo mwingine, na hapo Baba Faraja akasimama. Mtu ambaye haongei! Akakohoa, akasema, "Nyumba yetu ni hiyo ya pili. Twendeni."

Nilitembea njia ile ya mti mmoja wa mpera nikaona kama nakwenda Mbamba Bay kwa miguu. Tukafika. Wageni wakamwona kuku kwenye kochi, wakampita kwa heshima. Baba Faraja akafungua mlango. Wakaingia ubavu ubavu, mmoja mmoja, wakasimama kwenye ule upenyo tuliouacha wa kwenda chumbani, wakatazama juu. Harufu ya dawa na vumbi ikawapanda puani. Faraja alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua, na nikajua kwamba nikimpoteza leo sitampata tena Jumapili wala siku yoyote.

Nikaleta maji kwenye kikombe. Shangazi akatafuta pa kukaa, maana maji hunywewa umekaa. Karibu na mlango palikuwa na magunia mawili ya zamani, ya miaka ile ya dirishani. Akasema yeye amezaliwa juu ya magunia, wasimhangaikie, akajigeuza, akaketi.

Ndugu zangu! Gunia likashusha pumzi. Lilikuwa halina mahindi ndani, wadudu walikuwa wameshamaliza kila punje, limebaki ganda la vumbi lililosimama kwa mazoea. Shangazi akazama nalo taratibu, kikombe mkononi, mpaka miguu ikawa juu na kilemba chini, na vumbi likapanda sebule nzima mpaka tukawa hatuonani. Lilipotulia, mama wa watu alikuwa mweupe kuanzia kilemba mpaka kandambili. Maji hayakumwagika, namsifu kwa hilo.

Nikajua posa imekwisha. Nikafumba macho.

Nikasikia sauti kutoka chini kule. "Tuliambiwa nyumba hii ina mahindi," akasema shangazi. "Kumbe mahindi ndiyo yana nyumba." Kisha akapiga chafya, chafya ya kikulima, na vumbi likapanda tena.

Baba Faraja akaanza kucheka. Nilikuwa nimesahau mume wangu anachekaje! Baba mdogo akacheka, mshenga akacheka mpaka akaegemea magunia, yakamwagia vumbi naye. Faraja akacheka nyuma yangu, akanishika bega. Na mimi, nikiwa bado natafuta pa kuficha uso, kicheko kikanitoka tumboni, nikacheka, nikakaa kizingitini, kicheko kikageuka kilio, tena kikawa kicheko.

Shangazi tulipomvuta akasimama, hakujipangusa. Akaja akakaa kizingitini pembeni yangu, akaniuliza naogopa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia naogopa kifuku.

"Kila mtu anaogopa kifuku," akasema. "Ndiyo maana tuna majirani."

Nikainua macho, nikamwona Mama Zuhura amesimama uani kwetu na mwiko mkononi, amekimbilia kelele. Na hapo Mungu akanifumbua macho, ndugu zangu. Miaka yote ile nilikumbuka kwamba niliomba debe. Nilikuwa nimesahau kwamba nilipewa! Nilibeba aibu ya kuomba kuanzia ujana wangu mpaka mvi, na lile debe lililonilisha mimi na mtoto tumboni sikulikumbuka hata siku moja. Hatukufa mwaka ule. Tulikula. Mama Zuhura hajawahi kulitaja mpaka leo. Mimi nikajenga ukuta wa magunia ili nisimhitaji tena mtu kama huyo. Pale kizingitini nikasikia kitu kinaniachia hapa kifuani, kama khanga iliyokazwa mno inapofunguliwa. Nikasema kwa sauti, asante Yesu. Mama Zuhura akaitikia alhamdulillahi, akauliza sasa ugali upikwe nyumba gani.

Nikasema upikwe hapa.

Basi mngeona siku ile! Mshenga akavua koti. Baba mdogo akapanda juu kwenye lenta. Majirani wakaja, tukatandika maturubai uani, tukatoa gunia baada ya gunia. Nilikuwa nangoja mikono yangu igome, haikugoma. Ya chini mengi yalikuwa vumbi tupu, kuku wa mtaa mzima wakafanya sikukuu. Ya juu yalikuwa mazima. Faraja akafagia sebule, akafungua dirisha ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu alipoondoka. Tukaleta mikeka. Shangazi akanywa maji yake, akiwa ameketi chini katikati ya sebule, na posa ikazungumzwa upya kuanzia salamu, kwa sababu alisema ile ya kwanza walimposa Zuhura.

Mchana tukala ugali wa mahindi mazuri na majani ya maboga. Baba Faraja akamega tonge, akatafuna, akanitazama, akasema alikuwa hajui kama mahindi yana utamu.

Nisieleweke vibaya. Atakayetoka hapa akatangaza kwamba Mama Faraja amesema tusiweke akiba, huyo alikuwa anasinzia. Pesa ni kitu kizuri, na mwenye njaa haimbi kwaya. Kila mavuno bado naweka stoo ya kutufikisha mavuno mengine, na dawa nanunua ya kutosha. Yanayozidi nayauza kwa bei ya siku hiyo, sokoni nikimaliza nafunga nakwenda nyumbani. Mama Zuhura nilimpelekea debe lake. Alikataa, akasema lile lilishaliwa likaisha, kama nina deni nije nikae naye nipige soga. Naenda karibu kila siku. Baba Faraja, aliyekuwa akikohoa usiku kucha kwa vumbi la magunia, hakohoi tena. Makochi tumeyarudisha ndani, kuku amekata rufaa lakini hajashinda.

Hofu haijafa, sitawadanganya. Inapita kupiga hodi, hasa mwezi wa pili mvua ikikaza. Lakini siku hizi ikichungulia inakuta watu.

Ukutani sebuleni kuna alama, mstari wa vumbi unaokwenda sawasawa na lenta. Baba Faraja alitaka kupaka rangi, nikamkatalia. Juzi Faraja amekuja na mwanawe, na amelala kwetu, chumbani kwake, kwenye kitanda chake. Asubuhi akamweka mtoto chini pale katikati. Mtoto akaangalia huku, akaangalia kule, akaanza kutambaa. Akatambaa mpaka ukuta wa dirisha, akaupiga kiganja, akageuka, akatambaa mpaka ukuta wa pili. Hakuna kilichomzuia. Mimi nimekaa kwenye kochi langu, nimeshika kikombe cha chai, nikaona kwamba kiasi kile cha kunitosha nilichokuwa nakitafuta juu ya lenta kilikuwa hapa sakafuni.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Nawashukuru na nyinyi, hata mliotunga jina. Kama yupo humu mwenye magunia yake, hata kama si ya mahindi, asingoje bei. Amwite Bwana leo, na jirani naye amwite. Alhamisi ibada ya nyumba kwa nyumba iko kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie Mjimwema. Njooni wote. Pa kukaa papo.